Soli za Mpwa wa Arvid

"Sitembei," alisema Clint Maddux. "Mimi si farasi wa mnadani."

Alikuwa amesimama uani nyuma ya ofisi ya sherifu wa Stillhorn, mikono ameibana kwapani, pumzi ikimtoka nyeupe kwa baridi ya Novemba. Mbele yake palikuwa na ukanda wa mchanga mbichi ambao Mpelelezi Thora Hellickson alikuwa ameumwaga na kuusawazisha kwa reki.

"Mara moja tu, Clint. Nenda mpaka ukutani, kisha urudi."

"Nimelala humo ndani, nimekula uji wenu uliopoa, na hakuna aliyetaka kuniona nikitembea. Leo ndiyo mmekumbuka kwamba nina miguu?"

Jaribio hilo lilipaswa kufanywa kabla ya pingu, si baada yake, na wote wawili walijua.

Clint alitema mate pembeni, akatembea. Mguu wake wa kulia, uliovunjwa zamani na teke la farasi, ulielekea nje kama ulivyoelekea siku zote. Alifika ukutani, akageuka, akarudi. Thora alipiga magoti, akamimina plasta kwenye alama moja safi, akasubiri igande. Kisha akaitoa na kuiweka kando ya plasta nyingine, ile iliyotoka mlimani.

Zilikuwa na urefu mmoja. Mchoro wa soli ulikuwa mmoja pia, kwa kuwa nusu ya wanaume wa bonde lile walivaa buti za aina ile. Zote zilielekea nje. Mpaka hapo mtu yeyote angesema ni mguu mmoja, na Thora alikuwa amesema hivyo mbele ya jaji.

Lakini sasa aliziinamia kwa karibu. Mguu wa Clint ulibonyea ndani, chini ya kidole gumba, na ncha ya buti ilikuwa imeburura mchanga kila alipouinua. Mguu wa mlimani haukuburura kitu. Ulibonyea ukingo wa nje peke yake, kutoka kisigino hadi kidole kidogo. Upande wa ndani ulikuwa umegusa tope kidogo sana, kama mtu anayekanyaga makaa.

"Si wewe," alisema Thora.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia nilipanda kumtafuta ndama wangu, sikufika Shingoni mwa mlima, na sikumwona huyo mng'oa meno wako. Ukanitazama kama mlevi anayedai kuona malaika."

Aliyekufa alikuwa Milton Fessler, daktari wa meno kutoka Ohio, aliyekuja Montana kuwinda kulungu wakubwa wa Mlima Hobb akiongozwa na Arvid Broderson. Walimkuta chini ya poromoko la mawe, mfupa wa paja umevunjika. Mpasuaji wa maiti wa kaunti alisema hakufa kwa kuanguka. Alikufa kwa baridi, baadaye sana.

Kwenye Shingo ya mlima, katika tope lililoganda, palikuwa na nyayo za watu wawili. Za Fessler zilipita na kuendelea juu mgongoni mwa mlima. Zile nyingine zilifika hapo, zikasimama, zikarudi. Arvid alisema hazikuwa zake. Yeye alitangulia kwa njia ya miambani, Fessler akabaki nyuma, ukungu ukashuka, wakapoteana. Alikuwa ameinama juu ya zile nyayo, kofia mkononi, akasema kwa upole: "Tazama, binti yangu. Huyu mtu mguu wake umepinda."

Bonde zima lilimjua mtu mmoja mwenye mguu wa namna ile. Na mtu huyo alikuwa ametukanana na Fessler kwenye kituo cha mafuta kwa sababu ya uzio wa ng'ombe uliokatwa.

Thora hakuomba kuziona buti za Arvid. Wazo hilo halikumjia kabisa. Arvid ndiye aliyemfundisha kushika bunduki, yeye na kila mtoto wa Stillhorn.

"Uko huru," alimwambia Clint. "Nitakusainia sasa hivi. Na nakuomba radhi."

Clint alicheka kwa pua. "Hapa? Nyuma ya mapipa ya taka?"

"Wapi unataka?"

"Afande, ulinifunga pingu kwa Marlys. Watu wanakula, binti yangu Tessa ananimiminia kahawa, wewe unanisomea haki zangu kama unamsomea jambazi. Mtoto alimwaga birika zima. Kama ni radhi, ikaombwe kulekule."

* * *

Mgahawa wa Marlys ulikuwa umejaa wawindaji waliovaa fulana za rangi ya chungwa. Thora alipoingia na Clint nyuma yake, uma zilitulia. Tessa alikuwa nyuma ya kaunta. Alimwona baba yake, akaweka chini sahani alizobeba, asije akaziangusha.

Thora alivua kofia.

"Nilimkamata Clint Maddux mahali hapa," alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, ikabidi aanze tena. "Nilimkamata hapa mbele yenu. Nilikosea. Alama za mguu si zake. Ningeweza kujua hilo siku ileile kama ningefanya kazi yangu. Clint, samahani. Tessa, samahani na wewe."

Mtu mmoja alikohoa. Masikio ya Thora yalikuwa yanawaka.

"Nimesikia," alisema Clint. Alivuta kiti. "Tessa, mpe afande kahawa. Ailipie."

Kicheko kilizuka, watu wakarudi kwenye mayai yao. Lakini Thora alibaki amesimama, kwa sababu katika chumba kizima, watu wote walikuwa wamemtazama yeye isipokuwa mmoja. Arvid Broderson, kwenye meza yake ya dirishani, alikuwa akitazama kikombe chake.

Mzee alikuwa nadhifu kama kawaida yake, ndevu nyeupe zimechongwa, shati limepigwa pasi. Miguuni, hata hivyo, alikuwa na gambuti za kuoshea zizi, pana, zinazopwaya. Nje hakukuwa na tope. Ardhi ilikuwa imeganda kama saruji.

Aliinuka bila kumaliza pai yake. Alipita katikati ya meza akishika mgongo wa kiti kimoja, kisha kingine, akisalimia kila mwenye kiti kana kwamba alikishika kwa ajili ya salamu.

"Mzee Arvid, kahawa imekulewesha?" mtu alimtania.

"Baridi tu, kijana. Nyonga zinalia."

Alipofika kwa Thora alisimama. "Umefanya vizuri," alisema, macho yake kwenye kifungo cha koti la Thora. "Si rahisi kusema vile mbele za watu."

"Si rahisi, mzee."

Alitoka. Kupitia kioo, Thora alimwona akishuka ngazi za mbele kwa upande, kama kaa.

* * *

Kulikuwa na duka moja tu la maana la buti katika eneo lile, huko Orlo, upande wa pili wa mto. Mwenyewe aliitwa Colleen Duquette, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, aliyejulikana kwa kukataa kuuza buti kwa mtu aliyesema ana haraka. Thora aliweka plasta ya mlimani kwenye kaunta.

"Niambie, Colleen. Ni nini kinamfanya mtu akanyage hivi?"

Colleen aliigeuza. "Buti inambana."

"Namba ni kubwa. Haiwezi kumbana."

"Basi kucha imeingia nyamani. Au lengelenge. Au amezaliwa hivyo. Thora, mimi nauza viatu, sipigi ramli."

Thora alisogea hadi ukutani, ambako soli za ndani zilining'inia kwa jozi: nyembamba za sufu kwa wanaokaa kwenye vibanda vya kuvizia, laini za kutembelea mjini, na zile ngumu, zenye kikombe kirefu cha kisigino na kigongo katikati, za watu wanaopanda mlima na mzigo. Alichukua moja ya ngumu, akabonyeza kile kigongo kwa kidole gumba. Hakikubonyea.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtu mwenye tao la juu. Uwazi chini ya unyayo. Anapobeba nyama mgongoni, tao lake linakosa pa kuegemea, mguu unachoka, kifundo kinayumba. Hiyo inamshika."

"Na ikiwekwa chini ya mguu usio na tao?"

"Haiwekwi. Ndiyo maana tunapima."

"Nipime mimi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Colleen alileta karai la maji na karatasi ya kaki. Thora alivua buti na soksi, akachovya mguu, akakanyaga karatasi. Alama ilitoka pana, imejaa karibu yote, isipokuwa mkunjo mdogo upande wa ndani.

"Una tao la chini," alisema Colleen. "Soli yako ni ile ya kijani, ngumu kiasi, kigongo kifupi. Namba ya kiatu isikudanganye, watu wawili wa namba moja wanaweza kuwa na miguu ya dunia mbili. Kwanza unatoa soli iliyokuja na buti, maana ukipachika juu yake kisigino kinapanda na kuchubuka. Unajaribu na soksi utakazovaa mlimani, si hizo za kanisani. Unakata mbele kidogokidogo, kamwe si nyuma. Kisha unaivaa nyumbani, unazoea polepole. Mtu asitoke nayo dukani akaenda nayo kileleni."

"Nitilie hii." Thora alimpa ile ngumu, ya tao la juu.

"Itakuumiza."

"Najua."

Kulikuwa na ubao wa mteremko dukani, wa kuwajaribishia wateja. Thora alifunga kamba, akalowesha soli za buti, akapanda. Hatua za kwanza alihisi kama amekanyaga mpini wa nyundo. Alipofika juu na kuteremka, maumivu yalikuwa yamepanda hadi gotini, na mguu wenyewe ulikuwa umeshaamua kukikwepa kile kigongo. Alitazama nyuma. Juu ya ubao, alama zake za maji zilielekea nje. Ukingo wa nje ulikuwa umelowa kabisa. Upande wa ndani ulikuwa mkavu.

Alikaa chini, akavua buti, akaweka plasta kando ya alama yake. Wanawake hao wawili wakaziinamia.

"Mtu huyu hana mguu uliopinda," alisema Thora. "Anakimbia kitu kilichomo ndani ya kiatu chake. Nani amenunua jozi hii msimu huu?"

Colleen alitoa miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, ingawa ilikuwa safi.

"Colleen."

"Usinifanye niseme."

"Mtu amekufa kwa baridi. Mwingine nilimweka ndani bila kosa."

"Alisema ni za mpwa wake," alisema Colleen hatimaye. "Nilimwambia amlete nimpime. Akasema yuko Wyoming. Nikamwambia basi nieleze miguu yake. Akanieleza vizuri sana, Thora. Tao la juu, panya anapita chini yake bila kuinama. Kisigino chembamba. Anapanda kama mbuzi, anabeba paja la kulungu bila kupumzika. Macho yalikuwa yanamng'aa akisimulia. Nikachagua kwa maneno yale."

"Mzee Arvid alikuwa mtoto pekee. Hana mpwa."

"Najua hana mpwa!" Colleen alipaza sauti, kisha akaishusha. "Nilijua wakati ule ule. Nilimwona akitoka, ameshikilia mkono wa mlango mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikainama chini ya kaunta, nikajifanya natafuta uzi. Ungetaka nimwambie nini? Arvid Broderson? Nimwambie vua soksi, mzee, hebu tuone?"

Alirudisha miwani usoni, lakini hakumtazama Thora tena.

"Alinieleza miguu aliyokuwa nayo," alisema. "Zamani."

* * *

Nyumba ya Arvid ilikuwa mwisho wa barabara, mlima ukiwa nyuma yake. Alifungua mlango akiwa na soksi nene za sufu, akamkaribisha jikoni. Mchuzi wa nyama ya kulungu na viazi ulikuwa ukichemka. Alichota bakuli mbili bila kuuliza.

"Kula, binti yangu. Umekonda."

"Nimekuja kwa kazi, mzee."

"Kazi haikatazi kula."

Thora hakushika kijiko. "Siku ile mlipanda, ulivaa buti gani?"

"Zangu."

"Naomba kuziona."

Arvid aliendelea kukoroga mchuzi kwenye bakuli lake. Kisha alinyanyuka, akaenda chumba cha nyuma kwa ule mwendo wa kushika vitu, akarudi nazo. Alizibeba kwa mikono miwili na kuziweka juu ya gazeti. Ngozi ilikuwa imepakwa mafuta, kamba zimefungwa vizuri.

Thora alivaa glavu, akafungua kamba, akachomoa soli za ndani. Zilikuwa mpya, ngumu, za tao la juu. Kitambaa cha juu kilikuwa kimefuliwa, lakini aliyefua hakujua kwamba damu inapenya hadi kwenye sponji. Juu ya kigongo cha soli ya kulia palikuwa na doa la kahawia lenye upana wa yai. La kushoto lilikuwa dogo zaidi.

"Za mpwa wangu," alisema Arvid. "Aliziacha."

"Mzee."

"Alikuja mara moja, akaziacha."

"Mzee Arvid. Vua soksi."

Uso wa mzee ulipanda wekundu kutoka kwenye kola hadi kwenye nywele, kama wa mvulana aliyekutwa na kitu mfukoni.

"Usinifanyie hivyo," alisema.

"Nigeuke?"

"Haisaidii, utageuka utazame tena."

Aliinama, akavuta soksi moja, kisha nyingine, akaweka miguu yake juu ya zulia. Ilikuwa imetandazika chini, haina tao hata chembe, vifundo vimeangukia ndani. Katikati ya unyayo wa kulia, pale ambapo kigongo kilisukuma juu kisipate nafasi, nyama ilikuwa wazi, imezungukwa na ngozi nyeupe iliyokufa. Kitambaa cha shati alichoifungia kilikuwa kimetoka pamoja na soksi.

Thora alitazama kwa muda uliohitajika kwa kazi, si zaidi.

"Ulifika wapi?"

"Shingoni."

"Hukupita njia ya miambani."

"Sikupita popote. Tangu kijito cha kwanza nilikuwa natembea juu ya kisu. Nilifikiri zitanizoea. Mwaka jana bila soli nilikuwa nachoka tu, nyayo zinawaka jioni, basi. Nikasema, vijana wote wanatia soli, nami nitie." Alisugua magoti yake. "Tulipofika Shingoni sikuweza hatua nyingine. Fessler alikuwa amenitangulia kidogo, ana hamu, kulungu dume alikuwa amelia juu. Nikamwambia, bwana, wewe fuata mgongo wa mlima, mimi nitazunguka chini nimzuie akikimbilia kwenye miti. Nitakukuta upande wa pili na gari."

"Ulimwambia miguu inakuuma?"

"Hapana."

"Ulimwonyesha poromoko liko wapi?"

"Nilimwonyesha kwa mkono. Hakukuwa na ukungu bado."

"Halafu?"

"Nikateremka. Sehemu nyingine kwa makalio, kama mtoto. Nikafika kwenye pikapu, nikaizungusha hadi upande wa pili, nikangoja. Ukungu ukaja. Giza likaja."

"Na redio ya kuitia msaada iko kwenye pikapu."

"Iko."

"Ulituita alfajiri, Mzee Arvid. Kwa nini alfajiri?"

Arvid alichukua soksi moja, akaikunja, akaikunjua. "Kila nilipoishika redio niliona mtaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema, ngoja kidogo, atatokea. Ana akili, ana kiberiti, atatokea. Nikasema hivyo mpaka kukapambazuka."

"Hakufa kwa kuanguka. Unalijua hilo?"

"Nimesoma kwenye gazeti."

"Na Clint? Ulikuwepo pale nilipomfunga. Ulikuwa kwenye meza ya dirishani."

"Nilikuwepo." Aliikunja soksi tena. "Nilisema mguu umepinda. Sikumtaja mtu."

"Hukuhitaji kumtaja."

"Hapana. Sikuhitaji."

Thora alitia soli kwenye mfuko wa ushahidi, kila moja peke yake, akaandika tarehe. Alimsomea haki zake polepole. Alimweleza kwamba kosa la kudanganya polisi lilikuwa tayari mezani, na kwamba hilo lingine, la kuchelewa kuita msaada, lingeamuliwa na mwendesha mashtaka. Arvid alisikiliza, akitikisa kichwa kila baada ya sentensi, kama alivyokuwa akikitikisa watoto walipotaja sheria za bunduki bila kukosea.

"Nina ombi," alisema. "Andika tuligombana."

"Nani?"

"Mimi na Fessler. Andika alinitukana, nikakasirika, nikamwacha mlimani kwa hasira. Nitasaini."

Thora aliacha kuandika. "Hiyo ni mbaya zaidi, mzee. Kwa hilo utafungwa miaka."

"Najua."

"Watu watakuita muuaji."

"Waniite." Alitazama miguu yake, akaivuta chini ya kiti, mahali isipoonekana. "Hiyo naiweza."

Thora alimtazama mzee huyu aliyemfundisha kulenga. Kisha akasema, "Siandiki uongo. Nimeshaandika mmoja juu ya Clint, unanitosha. Vaa kitu miguuni. Mke wa Fessler yuko kwenye nyumba ya wageni, anasubiri kuusafirisha mwili. Anasafiri mchana huu. Ukitaka asikie kwako badala ya kwangu, nafasi ni hii."

Hata zile gambuti Arvid hakuweza tena kuzivumilia. Alienda na ndara za kuogea juu ya soksi, wakapita mtaa mzima, na jirani aliyekuwa akipasua kuni aliinua mkono kumsalimia, kisha akaona ndara, akaona Thora, akaushusha.

* * *

Rosalind Fessler alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini, masanduku yake mawili tayari mlangoni, lake na la mumewe. Aliwaketisha kwenye sebule ndogo ya wageni. Thora alikaa. Arvid alibaki amesimama, kofia mikononi.

Alisema yote. Hakuruka kitu. Alipofika mahali pa miguu alikwama, akaanza tena, akasema: "Miguu yangu imekwisha, mama. Ilikwisha kabla sijampandisha mume wako. Nilimficha hilo."

Mama Fessler alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akatazama zile ndara.

"Milton alinipigia jioni ya kabla," alisema. "Goti lake lilikuwa limevimba. Nilimwambia, basi usipande, mwambie huyo mzee wako mpumzike. Akasema, 'Siwezi, Rosalind. Huyu mtu anatembea kama mbuzi. Naona haya.'"

Arvid alitafuta kiti kwa mkono, kama mtu aliyezimiwa taa, akakaa.

"Angefurahi," aliendelea mama huyo, kwa sauti ileile ya kawaida. "Ungesema tu miguu inauma, angekuwa wa kwanza kugeuka. Mngerudi mkicheka. Angenisimulia mpaka anichoshe."

"Mama, mimi..."

"Nina swali moja. Mpelelezi, naruhusiwa kumuuliza?"

"Ndiyo."

Alimgeukia Arvid. "Ulipomngojea mume wangu usiku ule. Ulikuwa ndani ya gari?"

"Ndani ya gari, ndiyo."

"Gari lina hita?"

Thora aliinamisha macho kwenye zulia.

"Lina," alisema Arvid.

"Ulikuwa umeiwasha?"

Nje, dereva wa gari la maiti alipiga honi fupi, ya adabu, kuwajulisha kwamba amefika. Mzee alikunja kofia yake mpaka ikawa kama tambara, na ilionekana wazi kwamba angetoa chochote alichobakiwa nacho kupata jibu jingine.

"Ndiyo, mama," alisema. "Niliiwasha."